Mchinjaji Aliyeacha Nyama

Siku hizi ukifika msibani kijijini kwetu, kaskazini ya Mtinko, utaona moshi wa meko mawili. Moja liko nyuma ya nyumba ya marehemu, jingine limesogezwa mbali, karibu na zizi. Hakuna anayekuuliza dini yako. Watu wanakutazama tu, kisha mkono wa mtu unakuonyesha upande wa kwenda. Nimeonyeshwa mara nyingi, nami nimekwenda. Na kila ninapokaa na sahani yangu kati ya watu wa kanisa langu, namkumbuka mzee ambaye kwa miaka mingi alifanya tupike kwenye sufuria moja.

Tulimwita Mchinjaji. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Walio karibu naye wanajua, na walio mbali haitawasaidia. Mimi nilikuwa mwinjilisti wa usharika wetu, sasa nimestaafu. Yeye alikuwa Mwislamu aliyeshika dini yake tangu ujana, na tuliishi tukitenganishwa na shamba moja la alizeti. Namshukuru Mungu kwa shamba lile, maana tulikutana mpakani mwake karibu kila asubuhi.

Wasiotoka huku huenda wasielewe kazi yake ilikuwa na uzito gani. Mtu akifa, akioa, mtoto akipata kipaimara au akitoka jandoni, ng'ombe au mbuzi alichinjwa na yeye. Nyumba ya Kikristo ilimtuma mtu asubuhi, akasimama mlangoni pake na kusema, "Mzee, unaitwa." Hakuna aliyeeleza zaidi. Majirani zetu Waislamu wasingekula nyama tuliyochinja sisi. Sisi hatukuwa na katazo la kula waliyochinja wao. Basi achinje yeye, tule wote. Wazee wetu waliliona jambo hili kuwa jepesi, kama kumpisha mtu kwenye njia nyembamba. Ukoo mmoja huku una akina Yohana na akina Ramadhani waliotoka tumbo moja. Wangewezaje kumzika mama yao halafu wale mahali tofauti?

Kisu chake alikinoa nyumbani, kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yake. Hakukinoa mbele ya mnyama hata siku moja. Alikibeba kimefungwa kwenye kipande cha kanga kuukuu ya mkewe, na hakumwazima mtu, hata mwanawe. Akifika, swali lake la kwanza lilimhusu mnyama.

"Amekunywa maji?"

Kama hajanyweshwa, Mchinjaji alikaa kwenye kigoda akangoja ndoo iletwe, hata kama kamati nzima ya chakula inamzunguka ikilalamika.

"Mzee, wageni wamefika. Mchana unaingia."

"Mwambieni mchana usubiri. Huyu hana mchana mwingine."

Ujira wake ulikuwa shingo. Hakutaka kingine. Aliichoma mwenyewe pembeni, akavunja mifupa kwa jiwe na kunyonya uboho amefumba macho. Sijaona mtu aliyependa nyama kama yeye. Mkewe alikuwa akituambia kwamba siku ya Idd mzee haongei na mtu mpaka mfupa wa mwisho uishe, na anayetaka ruhusa ya jambo lolote amwombe wakati huo, maana ataitikia bila kusikia.

Mtu huyu aliyewalaza mafahali aliogopa sindano. Nilimsindikiza zahanati mara mbili, na mara zote mbili alinishika mkono kwa nguvu, akageuza uso ukutani na kusema, "Nisomee kitu, Mwinjilisti. Chochote, hata cha kwenu." Nilimsomea Zaburi. Muuguzi alipomaliza, mzee aliniachia mkono na kusema Zaburi ile ilikuwa fupi mno.

Watu wa mbali wakisikia habari zake hudhani alikuwa mtu wa kusema dini zote ni sawa. Hakuwa hivyo kabisa. Aliwakemea Waislamu wenzake waliokosa swala mpaka wengine wakawa wanakwepa kupita kwake. Na mimi aliniambia wazi, mpakani mwa shamba, ameegemea jembe:

"Wewe umepotea, Mwinjilisti. Nakuombea kila siku."

"Na mimi nakuombea wewe."

"Basi mmoja wetu anamsumbua Mungu bure. Njoo ule. Huwezi kwenda motoni na njaa."

Hatukukubaliana juu ya Mungu hata siku moja. Nimesoma chuo cha Biblia, nimeketi kwenye semina nyingi za watu wa dini mbalimbali, tumepewa chai na daftari, na kila mmoja amesema maneno laini ambayo hakuyaamini sana. Mchinjaji hakunipa neno laini hata moja. Alinipa heshima ya kubishana nami kama mtu anayejali nitakapokwenda.

Palikuwa na mama mjane katika usharika wangu aliyefuga nguruwe. Siku moja mmoja alitoroka akaingia kwenye karanga za Mchinjaji. Nilidhani patakuwa na ugomvi. Alikuja hadi mlangoni kwangu, akasimama mbali kidogo, akaniita kwa sauti ya kanisani:

"Mwinjilisti! Muumini wako yuko kwenye karanga zangu. Njoo umrudishe kundini."

Nilikwenda kumfukuza, nikaanguka mara mbili, naye amekaa kwenye jiwe akinielekeza kushoto, kulia, kushoto. Hakudai fidia ya karanga. Alichotaka ni kwamba sufuria za mama yule zisije kwenye shughuli za pamoja, na mama mwenyewe alikuwa ameshaliona hilo kabla hajaambiwa.

Tukizika Mkristo, alikaa nje ya kanisa mpaka ibada iishe, kisha akawa wa kwanza kushika kamba za jeneza. Njiani kutoka makaburini alinipa maoni juu ya mahubiri yangu. "Leo umesema sana. Marehemu alikuwa mtu wa maneno machache, ungemwiga." Mimi nami nilikaa nje ya msikiti wao, nikangoja. Ndivyo tulivyoishi, na nilidhani ndivyo tutakavyokufa.

Sijui hasa mambo yaligeuka lini. Hayakuja na kelele. Vijana wetu walianza kusikiliza kwenye simu wahubiri ambao hawajawahi kufika Singida, wakitukana dini ya jirani kwa ufasaha mkubwa. Vijana wa msikitini nao walikuwa na wa kwao. Upande ule likaanza neno kwamba vyombo vya Wakristo vina shaka. Upande wetu likaanza jingine, na hilo nililisikia kwa masikio yangu, kwenye kikao cha wazee wa kanisa.

Aliyelileta alikuwa mwenyekiti wa vijana, kijana mzuri, mchapakazi, niliyemfundisha mafundisho ya kipaimara. Alisimama akasema kwa adabu:

"Wazee wangu, nauliza tu. Kwa nini ng'ombe wetu, wa msiba wetu, aombewe na mtu asiyemkiri Kristo? Sisi hatuna mikono?"

Mzee mmoja akasema ni desturi. Kijana akajibu kwamba wenzetu wanasema vyombo vyetu ni vichafu, sasa sisi tunawabembeleza nini. Watu wakanitazama mimi, mwinjilisti.

Nilikuwa na neno. Nilikuwa nalo kamili, kwa sababu Jumapili mbili kabla nilihubiri kutoka waraka wa kwanza kwa Wakorintho, pale Paulo anapowaambia kwamba kama chakula kinamkwaza ndugu yake, yeye hatakula nyama kamwe. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini niliwatazama vijana wamejaa mlangoni, nikafikiri nitaonekana mtu wa kuogopa Waislamu, nikafikiri litazungumzwa siku nyingine likiwa limepoa. Nikafungua daftari nikajifanya naandika. Ikapitishwa kwamba kuanzia hapo shughuli za kanisa zitachinjiwa na vijana wa kanisa.

Baada ya muda mfupi mke wangu alifariki.

Uamuzi ulikuwa bado haujatumika popote. Nilijua vijana wangechinja. Nilijua pia kwamba mume wa marehemu akisema mwiteni Mchinjaji, wangemwita. Sikusema. Nilijiambia kwamba kamati itaona aibu yenyewe, kwamba msiba wa nyumba yangu wataupa nafasi, kwamba mtu aliyefiwa hapaswi kusumbuliwa na mambo ya ng'ombe. Sikumtuma mtu mlangoni kwake.

Alikuja mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asije. Nilimwona akiingia uani na kifurushi chake cha kanga kwapani. Ngozi ilikuwa imeshawambwa chini kwa vigingi. Aliitazama, akanitazama mimi, kisha akakisukuma kifurushi ndani ya koti lake, akaja kunishika mkono. "Pole, ndugu yangu," alisema. Alikwenda kukaa chini ya turubai pamoja na wazee wenzake wa msikitini, ambao nao walikuwa wameiona ngozi na kujua kwamba si yeye aliyechinja.

Chakula kilipoletwa, nilitazama kule turubaini. Wazee wale walikuwa wamevua viatu, na niliona baadhi wameanza kuvivuta kwa vidole vya miguu. Wangeinuka. Vijana wetu walikuwa wamesimama na masinia, nyuso zimekaza, wakingoja wainuke ili wapate la kusema. Wote, hawa na wale, walikuwa wanatazama sahani ya Mchinjaji.

Akamwita binti aliyekuwa anagawa. "Mjukuu wangu, kuna mlenda?"

"Upo, babu."

"Niletee ugali na mlenda. Daktari kanikataza nyama. Una jina lake huo ugonjwa wa miguu. Jongo."

Mtu mmoja akaangua kicheko. "Mchinjaji kakatazwa nyama!" Kicheko kikazunguka turubai lote. Mzee wa pembeni akasema naye aletewe mlenda, presha yake haitaki mafuta. Mwingine akasema meno. Mwingine akasema kwa kuwa wote ni wagonjwa, naye ataumwa. Viatu vikarudi chini. Wakala ugali na mlenda kwenye msiba wa mke wangu, mpaka wakanawa, na hakuna aliyeondoka. Mjane wa jirani yetu mmoja, ambaye ni Mkristo, alikaa akachota kwenye sinia lao hilo hilo.

Nilimshukuru Mungu siku ile kwa jongo. Kweli nilishukuru, nikaona ni bahati.

Kuanzia msiba uliofuata pakawa na meko mawili. Lakini Mchinjaji aliendelea kwenda kila mahali, kwao na kwetu, anakaa popote anapotaka, anaomba mlenda au maziwa ya mgando. Watu walizoea utani wao. Hata kwenye Idd, niliambiwa, hagusi. Mimi nilimhurumia. Niliposikia kuna dawa ya mizizi ya jongo inauzwa gulioni, nilimpelekea. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniuliza inachemshwaje, akasikiliza mpaka mwisho.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya alizeti, nilisikia kiharusi kimempiga na hatoki ndani. Nilichagua jogoo mmoja mzuri, nikamfunga miguu, nikaenda naye. Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo, na niliona ni vema kulisema na kitu mkononi.

Mkewe alinipokea mlangoni. Kile kisu, nilikiona, alikuwa anakatia vitunguu.

"Karibu, shemeji. Huyo jogoo vipi?"

"Nimemletea mzee. Najua ana jongo, lakini kidogo tu, mchuzi."

Alikiweka kisu chini. "Jongo!" Alicheka, na kicheko hakikuisha vizuri. "Shemeji, huyu hajaumwa mguu hata siku moja. Mpaka wiki ile alipoanguka alikuwa anapanda mawe kule juu kutafuta mbuzi. Nimemtunzia siri yake mpaka nimechoka. Idd zote hizi nawapikia wajukuu nyama, yeye anakaa na mlenda wake upande ule moshi unakoelekea."

Niliingia ndani nikiwa na jogoo bado kwapani. Alikuwa ameegemezwa mito, mdomo umekwenda upande.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mwinjilisti. Bado hujasilimu?"

"Bado."

"Na mimi nakufa hivi hivi. Tumepoteza muda wote."

Nikakaa. Nikamwambia shemeji ameniambia habari za jongo. Alifumba macho.

"Wanawake," alisema.

"Kwa nini, kaka?"

"Ulitaka nifanyeje? Kitabu changu kinaniruhusu chakula chenu, hilo nalijua. Lakini wenzangu wana shaka, na mwenye shaka huwezi kumlazimisha kumeza. Nikila, wangu wanaondoka. Nikikataa, wako wanasema nimetukana msiba. Mgonjwa hamtukani mtu."

"Ilikuwa siku moja. Ungepona baadaye."

"Ningepona lini? Msiba uliofuata mlikuwa na sufuria mbili. Ningepona, wangetazama napona kwa sufuria ipi."

Nilimtazama mtu huyu, na maneno ya Paulo niliyoyahubiri miaka yote yakanirudia, na nikaona aibu kwamba niliyafundisha kwa watu wengi hivyo na aliyeyafanya hakuwahi kuyasoma. Ndipo nikalisema lile nililokuja nalo. Kwamba siku ya kikao nilikuwepo na sikusema neno. Kwamba siku ya msiba nilijua, na sikumtuma mtu.

"Najua," alisema. "Mtoto wa dada yangu ni mzee wa kanisa lako. Aliniambia jioni ile ile nani alisema na nani alinyamaza."

"Hukuniambia."

"Nilikuwa nakungoja uniambie wewe. Mwanzoni nilikasirika. Halafu nikasema ana msiba. Halafu nikazoea."

"Nimekuja sasa."

"Umekuja. Karibu."

Hakusema nimechelewa. Nilimwonyesha jogoo. Nikamwambia amchinje, tule wawili humu ndani, hakuna anayetazama. Kwa mkono wa kushoto aliunyanyua wa kulia, akauachia ukaanguka kwenye blanketi.

"Kwa mkono upi?"

"Nitakushikia."

"Ukishika wewe, kachinja nani?" Upande mmoja wa mdomo wake ulicheka.

"Basi tumwite mwanao."

"Mwanangu atachinja vizuri kunipita. Kisha ataniuliza, baba, umepona? Kesho kijiji kizima kitajua sikuumwa. Wale walioomba mlenda na mimi siku ya mkeo watajua niliwachezea. Na vijana wako watajua kwamba tuliikataa nyama yao." Alipumzika, pumzi zilikuwa nzito. "Ile ndiyo mara ya mwisho tulikula pamoja, Mwinjilisti. Usiniharibie."

Mkewe akaleta ugali wa uwele na mlenda. Nilimlisha mimi, matonge madogo, upande wa mdomo unaofanya kazi. Jogoo alikaa sakafuni akitutazama. Tulipokaribia kumaliza alisema:

"Siku yangu watakuonyesha upande."

"Nitakataa."

"Hutakataa." Aliisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema leo kuna upepo. "Wewe si mtu wa kukataa. Lakini waombe mlenda. Mlenda hauchinjwi."

Nilirudi kwa njia inayopita kwenye mashine ya kukamua alizeti. Mwenye mashine ni yule aliyekuwa mwenyekiti wa vijana. Sasa naye ni mzee wa kanisa, ana watoto wakubwa, na bado ana adabu. Alikuwa mlangoni na wenzake watatu, wamepauka vumbi la mashudu.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba."

"Mbona jogoo anarudi? Ulikuwa kwa Mchinjaji? Au wamemkataa kwa kuwa katoka kwetu?"

Wale wengine wakasogea wasikie. Niliona wazi kwamba hapa ndipo pa kusema. Ningeweza kuwaambia yote: kikao, kisu ndani ya koti, Idd zote zile na sahani ya mlenda. Na nikiwaambia, nitakuwa nimekivunja kitu pekee alichoniomba nisikivunje. Nikinyamaza, nitakuwa nimenyamaza tena. Nilisimama pale mzee mzima, na sikujua ni lipi kati ya hayo mawili Mungu analitaka kwangu. Mpaka leo ninapoandika, sijui.

"Daktari kamkataza nyama," nikasema. "Jongo."

"Mchinjaji na jongo lake! Hata sasa!"

Wakacheka wote, kwa upendo, jinsi watu wanavyomcheka mzee wanayempenda. Nikapita. Jogoo alikuwa na joto kwapani, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio. Nikakumbuka kwamba tangu asubuhi hajanywa kitu. Nilipofika nyumbani, kabla sijavua kofia, nilimfungua miguu nikamwekea maji.